Vumbi la Mbinguni na Mawe Yanayogongana



Juma hili natuinue macho kidogo. Wengi wenu ni watu wa kuamka mapema: mama aendaye kisimani, mvuvi asukumaye ngalawa yake, dereva wa lori awahiye soko. Bila shaka mmepata kuona weupe fulani upande wa mashariki, usiku ukiwa bado haujaisha. Si wingu, wala si moto wa porini. Ni mwanga hafifu uliosimama kama mnara, chini mpana, juu umechongoka. Mtu huuona akasema, “Haya, kumekucha,” akaamsha watoto. Kumbe imebaki saa nzima na zaidi kabla jua halijachomoza. Baada ya kitambo mwanga ule humezwa na mapambazuko yenyewe, ambayo hayasimami, bali hutanda kulia na kushoto.

Ndugu zetu Waislamu wanaujua sana mwanga huu. Wao huuita alfajiri ya uongo. Kwao jambo hili si la mchezo, maana mwenye kufunga huacha kula inapoingia alfajiri ya kweli, wala hahesabu ile ya uongo. Waarabu wa kale waliufananisha na mkia wa mbwa-mwitu, kwa jinsi unavyosimama. Walikuwa watu wenye macho mazuri, nao waliitofautisha mianga hiyo miwili karne nyingi kabla darubini haijatengenezwa.

Basi swali letu la leo ni hili: mwanga ule ni wa kitu gani? Jibu ni fupi. Ni vumbi. Ni vumbi lililoko huko juu, kati ya Jua na sayari, nalo hupigwa na nuru ya Jua likaonekana, kama vile vumbi la chumbani linavyoonekana mwale wa jua unapopenya tundu la dirisha. Mtaalamu Giovanni Domenico Cassini, aliyefanya kazi Paris, aliuchunguza mwanga huo tangu mwaka wa 1683. Lakini kujua ya kwamba ni vumbi hakutoshi. Kazi iko katika kuuliza: vumbi hilo latoka wapi?

VUMBI HALIKAI SIKU ZOTE

Mtu aweza kusema, “Vumbi hilo limekuwako tu tangu mwanzo wa ulimwengu. Kuna haja gani ya kulitafutia asili?” Hoja hiyo yafaa kujibiwa vizuri, maana ndiyo fundo la habari yote.

Kazi yangu, kama wengine wenu mjuavyo, ni ukarani wa parokia. Meza ya madaftari huifuta kila jioni kabla ya kufunga ofisi. Asubuhi nikikuta vumbi juu yake siwezi kusema ni la mwaka jana. Nasema limeingia usiku huu. Basi natazama kama dirisha lilifungwa sawasawa, au kama wadudu wanatoboa boriti. Vumbi lililo juu ya meza iliyofutwa ni ushahidi wa kazi iliyofanyika baada ya kufuta.

Huko mbinguni nako kuna mfutaji, naye ni Jua lenyewe. Hufuta kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kama ile ya ungo. Mama akipepeta, pumba hupeperuka na punje hubaki. Nuru ya Jua husukuma vitu, ijapokuwa kwa nguvu ndogo mno hata mwili wetu hausikii. Jiwe halijali. Lakini chembe ndogo kabisa, zilizo chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, husukumwa na nuru hiyo zikaenda mbali, nje kabisa ya jamii ya Jua na sayari zake, wala hazirudi tena.

Njia ya pili inafanana na mvua. Panda baiskeli mvua ikinyesha wima, hapana upepo. Utaona kifua kimelowa kuliko mgongo, maana wewe unaiendea mvua. Ndivyo ilivyo kwa chembe iliyo kubwa kidogo, tuseme kama chembe ya unga. Inapolizunguka Jua huipokea nuru kana kwamba inaijia kwa mbele kidogo, nayo nuru hiyo huipunguzia mwendo. Kila mzunguko chembe hupoteza kidogo, ikasogea kidogo, mpaka mwisho wa safari huishia karibu na Jua na kuteketea. Mwingereza John Poynting aliufunua ukweli huu mwaka wa 1903, na Mmarekani Howard Robertson akausahihisha kwa hesabu mwaka wa 1937.

Sasa tupige hesabu wenyewe. Chembe ndogo itokayo ng'ambo ya Mirihi huweza kuimaliza safari hiyo kwa miaka laki moja hivi. Iliyo nene zaidi huchukua muda mrefu zaidi, hata miaka milioni moja na kupita. Kwetu sisi hiyo ni miaka isiyohesabika. Lakini Jua na sayari zake zina umri wa miaka milioni 4,600 hivi. Gawanya, utaona. Kama umri huo ungekuwa sawa na maisha ya mzee wa miaka 126, safari ya ile chembe ndogo ni siku moja tu ya maisha yake, na ya ile nene ni siku kumi au zaidi kidogo.

Kwa hiyo vumbi la mwanzo lilikwisha fagiliwa zamani sana. Hili tulionalo leo ni jipya. Na likiwa ni jipya, yuko anayelitengeneza.

MACHIMBO YA KOKOTO YALIYOKO JUU

Tarehe 1 Januari 1801, padre mmoja jina lake Giuseppe Piazzi, mtaalamu wa nyota huko Palermo katika kisiwa cha Sicily, aliona nukta ya nuru isiyokuwamo katika orodha yake ya nyota. Usiku uliofuata nukta ile ilikuwa imehama. Piazzi alikuwa ameigundua Ceres, tufe la mawe na barafu lenye upana wa kilometa 940 hivi, lizungukalo Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Baada ya hapo yakaonekana mengine, na mengine tena. Leo yaliyokwisha andikwa pamoja na njia zake yamepita 1,000,000. Wataalamu huyaita asteroidi. Mengi yake yamo katika mkanda mmoja mpana baina ya sayari hizo mbili.

Lakini msidhani yamejazana kama kokoto katika lori. Ukiyakusanya yote pamoja, uzito wake haufikii hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi wetu, nayo yametawanyika katika nafasi kubwa mno. Chombo cha Wamarekani kiitwacho Pioneer 10 kilipita katikati ya mkanda huo mwaka wa 1972 hadi 1973, nacho kilitoka upande wa pili salama salimini.

Kama ni hivyo, yagongana vipi? Kwanza, mawe hayo yana muda mwingi. Ajali isiyotokea katika miaka elfu yaweza kutokea katika miaka milioni. Pili, njia zake hazilingani: moja imeinama huku, nyingine kule, nazo hupishana na kukatana. Tatu, yanapokutana hayagusani polepole. Mwendo wa kugongana, kwa wastani, ni kilometa 5 hivi kwa sekunde moja, yapata mara tano ya mwendo wa risasi ya bunduki.

Umepata kusimama kando ya barabara wanapoponda kokoto? Mwamba mmoja hupasuliwa ukawa mawe. Mawe hupondwa yakawa kokoto. Katika kokoto hubaki changarawe na mchanga. Na juu ya vyote hivyo, nguo za mpondaji, kope zake na nywele zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Hakuna aliyewahi kuponda kokoto pasipo vumbi. Huko juu kazi ni ile ile, isipokuwa nyundo nayo ni jiwe, na mara nyingi nyundo huvunjika pamoja na kinachopondwa. Vipande hugonga vipande, navyo hutoa vipande vidogo zaidi, mpaka mwisho ni unga.

Vingine havipotei, bali huvutana na kurundikana tena. Mwaka wa 2005 chombo cha Wajapani, Hayabusa, kilikifikia kiasteroidi Itokawa, kikakuta kwamba si jiwe moja gumu. Ni rundo la mawe na changarawe, mabaki ya kitu kilichovunjika zamani. Chombo kile kilirudisha chembe zake duniani mwaka wa 2010.

MASHAHIDI

Neno moja bila mashahidi halitoshi, basi na tuwaite.

Shahidi wa kwanza ni Mjapani, Kiyotsugu Hirayama. Mwaka wa 1918 aliziangalia njia za asteroidi akaona ya kwamba baadhi yake zinafanana mno, kama watoto wa tumbo moja. Akasema: haya ni vipande vya jiwe moja lililovunjika. Akayaita jamaa. Tangu hapo jamaa nyingi zimetambuliwa.

Shahidi wa pili ni chombo kiitwacho IRAS, kilichopelekwa angani mwaka wa 1983 na Wamarekani, Waholanzi na Waingereza. Chombo hicho hakikutazama mwanga wa kawaida. Kilipokea joto linalotoka katika vitu, ambalo jicho haliwezi kuliona. Kilikuta mikanda ya vumbi imelizunguka Jua, na mikanda hiyo ilikuwa na mwinamo ule ule wa njia za jamaa fulani za asteroidi. Yaani kilikuta unga kando ya jiwe la kusagia.

Shahidi wa tatu ni hesabu. Mtaalamu David Nesvorný na wenzake walizichukua njia za asteroidi za jamaa moja, iitwayo Karin, wakazirudisha nyuma kwa hesabu, kama mtu arudishaye mishale ya saa. Walipofika miaka milioni 5.8 iliyopita, njia zote zilikutana mahali pamoja. Hapo ndipo jiwe lao lilipovunjika. Jamaa nyingine, Veritas, ilionekana kuwa na umri wa miaka milioni 8.3. Na tazama ajabu: wengine waliokuwa wakichunguza matope ya chini ya bahari walikuta ya kwamba katika tabaka la wakati ule ule, miaka milioni 8 na kidogo iliyopita, kuna heliamu ya namna ile iletwayo na vumbi la angani, nayo ni nyingi kupita kawaida. Jiwe lilivunjika ng'ambo ya Mirihi, na vumbi lake likatua katika bahari zetu.

Mashahidi wa nne ni watu wa siku zetu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2010, asteroidi Scheila, yenye upana wa kilometa 110 hivi, iliyojulikana tangu 1906 na isiyokuwa na maajabu yo yote, ghafula iling'aa kuliko desturi yake na kutoa mawingu ya vumbi. Wataalamu walipiga hesabu wakasema imegongwa na jiwe lenye upana wa meta 35 hivi. Baada ya majuma machache vumbi lilitawanyika, Scheila ikarudi kuwa nukta kama zamani.

Tena mwaka wa 2022 wanadamu wenyewe walishika nyundo. Wamarekani walipeleka chombo kiitwacho DART, chenye uzito wa kilo 580 hivi, kikaigonge kwa makusudi asteroidi ndogo Dimorphos, yenye upana wa meta 150 hivi, kwa mwendo wa kilometa 6 kwa sekunde. Shabaha yao ilikuwa kujua kama jiwe laweza kusogezwa katika njia yake. Lilisogea. Muda wa Dimorphos kulizunguka jiwe mwenzake Didymos ulipungua kwa dakika 33 hivi. Lakini kwa habari yetu ya leo tazama vumbi: pigo lile lilitoa mawe na unga wa tani elfu moja au zaidi, na siku mbili baadaye mkia wa vumbi ulikuwa umenyooka zaidi ya kilometa 10,000. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki ilikuwa saa nane na robo hivi za usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba. Watazamaji wenye darubini ndogo za kubebeka, huko Nairobi na katika kisiwa cha Réunion, walikuwa miongoni mwa walioiona nukta ile iking'aa ghafula.

KIPIMO CHA HAKI

Mwenye kupima unga sokoni hutakiwa kuweka mizani sawa, nami sitaki kuwapunja asteroidi wala kuwazidishia. Vumbi lote la angani halitoki kwao. Nyota zenye mkia, ambazo ni madonge ya barafu na uchafu, nazo huacha vumbi jingi kila zinapokaribia Jua na barafu yake kugeuka mvuke. Hesabu zilizotolewa mwaka wa 2010 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya vumbi litoalo ile alfajiri ya uongo hutoka kwa nyota zenye mkia zilizo chini ya mvuto wa Mshtarii. Asteroidi zina sehemu ndogo katika jumla, lakini ile mikanda iliyoonwa na IRAS ni yao kabisa.

Na mara moja moja sehemu hiyo ndogo huwa kubwa sana. Yapata miaka milioni 466 iliyopita, jiwe kubwa mno lilivunjika katika mkanda wa asteroidi. Ushahidi umo katika machimbo ya mawe ya chokaa ya Thorsberg, nchini Sweden. Wachimbaji waliokuwa wakikata mawe ya kusakafia nyumba walikuta mabaka meusi yaliyoharibu mawe yao. Walikuwa wakiyatupa, mpaka wataalamu walipotambua kuwa ni vimondo vilivyoanguka katika bahari ya kale na kugeuka mawe pamoja na matope. Zaidi ya 100 vimekusanywa hapo. Mwaka wa 2019 Birger Schmitz na wenzake walitoa shauri ya kwamba vumbi la ajali ile lilikuwa jingi hata likaukinga mwanga wa Jua na kuipoza Dunia.

VUMBI LILILO JUU YA BATI LAKO

Mambo haya hayako mbali nasi kama tudhanivyo. Wachunguzi waliyeyusha theluji safi karibu na kituo cha Concordia, bara la Antaktika, mahali pasipo shamba wala barabara, wakahesabu chembe zilizobaki. Mwaka wa 2021 walitangaza kwamba kila mwaka tani 5,200 hivi za vumbi la angani hufika chini, ukiacha lile jingi zaidi linaloteketea hewani. Linaanguka po pote: baharini, jangwani, shambani mwako, juu ya bati la nyumba yako. Mvua ikinyesha huliteremsha pamoja na uchafu mwingine, wala hakuna aliyedhurika.

Na kama mnataka kipande kikubwa cha kushika kwa mkono, nendeni Mbozi, mkoa wa Songwe, Tanzania. Pale kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa meta 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wataalamu waliandika habari zake mara ya kwanza mwaka wa 1930. Chuma chake kimechanganyika na nikeli. Wataalamu hueleza kwamba chuma cha namna hii hutengenezwa ndani ya tufe lililopata moto hata likayeyuka, chuma kikazama katikati kama mashapo ya chai. Basi chuma kilichokuwa tumboni mwa tufe kimefikaje nje, tena kimefikaje Mbozi? Hakuna njia nyingine ila tufe lile lipasuliwe. Mtoto akigusa kimondo cha Mbozi anagusa kitu kilichofunuliwa na kugongana.

TUTAZAME BILA HOFU

Nimesema hayo yote kwa sababu moja zaidi. Tarehe 13 Aprili 2029, siku ya Ijumaa, asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana wa meta 350 hivi, itapita karibu na Dunia, kwa umbali wa kilometa 32,000 hivi juu ya ardhi. Huo ni ukaribu kupita ule wa vyombo vituleteavyo picha za televisheni. Usiku huo, mbingu zikiwa wazi, watu wa Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi wataweza kuiona kwa macho matupu, ikitembea taratibu kama nyota iliyohama mahali pake.

Hakuna shaka siku hizo zikikaribia watazuka watu wa kutangaza maangamizi. Watawaambia mwuze mbuzi, msilime, msipeleke watoto shule, au mtoe fedha mpate kinga. Wasomaji wangu, mkate maneno hayo mapema. Njia ya Apophis ilipimwa kwa mawimbi ya redio mwaka wa 2021, ikathibitika kwamba haitaigonga Dunia kwa muda wa miaka 100 ijayo angalau. Limeni mashamba yenu. Lipeni karo za watoto. Usiku wa siku hiyo tokeni nje mtazame, na mtu akija na kibakuli cha kuchangisha kinga, mwambieni mnaijua habari hiyo tangu zamani.

Hata hivyo, kutoogopa si kupuuza. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe lenye upana wa meta 20 hivi lilipasuka hewani juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu 1,500 hivi waliumia, na wengi wao walikatwa na vioo vya madirisha. Mwanga ulitangulia, mshindo ukafuata baada ya dakika moja na zaidi. Wengi waliuona mwanga wakakimbilia dirishani kutazama, na hapo ndipo mshindo ulipowakuta. Jambo kama hilo ni la nadra, lakini shauri lake ni jepesi, wafundisheni watoto: ukiona mwako mkubwa mbinguni wakati wo wote, jitenge na vioo, ulale chini, ungoje.

JINSI YA KUONA

Sasa kwa wale watakaotaka kuthibitisha kwa macho yao. Sisi tuishio karibu na ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya wanaitamani, maana kwetu njia ya sayari husimama karibu wima, na mwanga wa vumbi husimama pamoja nayo miezi mingi ya mwaka. Chagueni usiku usio na mbalamwezi. Jitengeni na taa za mjini, na za simu pia. Yapeni macho nusu saa yazoee giza. Asubuhi tazameni mashariki kati ya saa kumi na robo na saa kumi na moja. Jioni tazameni magharibi yapata saa mbili, giza likiisha kuingia kabisa. Msiuchanganye na ule mkanda mrefu wa nyota ukatao mbingu yote. Huo una madoa na mabaka. Mwanga wa vumbi ni laini, hauna doa.

Mkisha kuuona, waonyesheni watoto, muwaeleze ni kitu gani. Waambieni kwamba yale ni makapi ya mawe na barafu, kwamba Jua halichoki kuyafagia, na kwamba kila kukicha yapo tena kwa kuwa huko juu wapondaji hawajaacha kazi. Mtoto aliyeelezwa hivyo hatatishwa na kila mpita njia mwenye habari za kutisha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za kupwa na kujaa kwa maji, maana maswali juu ya jambo hilo yamekuwa mengi. Kaeni salama.